Kionjo na Chungu Chake: Lugha ya Kunadi Filamu za Hali Halisi, Ikitazamwa kutoka Bariadi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu mara kwa mara ni ombi la kutafuta neno la Kiswahili kwa kitu ambacho watu wamekwisha kukitumia siku nyingi bila ya kungojea idhini ya mtu yeyote. Ndivyo ilivyo kwa istilahi za filamu. Filamu za hali halisi, yaani zile zinazodai kuonyesha watu, mahali na mambo kama yalivyo, leo hunadiwa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni tovuti yenye jina la filamu, picha zake na maelezo yake. Njia ya pili ni kipande kifupi cha filamu yenyewe, aghalabu cha dakika moja hadi tatu, ambacho wengine hukiita trela na wengine hukiita kionjo. Makala haya hayakusudii kutoa orodha ya maneno peke yake. Tunakusudia kuhakiki namna filamu za aina hiyo zinavyonadiwa, na kuonyesha kwamba neno tunalolichagua kwa chombo hicho linaamua pia mtazamaji ana haki ya kudai nini kwa aliyekitengeneza.

Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Bariadi, na uchaguzi huo una sababu. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Watu wake wengi ni Wasukuma, na zao lake la biashara linalojulikana nchini kote ni pamba. Lakini upande wake wa mashariki mkoa huo umepakana na nyika za Serengeti, na ndani ya eneo hilo limo Pori la Akiba la Maswa. Kwa hiyo wakulima na wafugaji wa Simiyu ni majirani wa mahali ambapo pengine pamepigwa picha za filamu kuliko karibu pengine popote katika Afrika. Mtu akitaka kujua kama tangazo la filamu limesema kweli, hapana budi amwulize jirani.

Tulifika Bariadi kwa shughuli nyingine kabisa, nayo ni kukusanya maneno ya ufundi wa pamba. Jioni moja, baada ya kazi, tulikaa nje ya kibanda umiza pamoja na vijana waliokuwa wakingojea filamu ya usiku, na wazee wawili watatu waliokuwa wakipunga upepo. Tukaona tuitumie nafasi hiyo kuuliza: je, neno trela la filamu linaeleweka? Vijana walijibu kwamba linaeleweka. Mzee mmoja akatutazama kwa upole, akasema, “Wanangu, trela nalijua. Ndilo linalobeba pamba yetu likivutwa na trekta. Sasa filamu nayo huvutwa na trekta?” Watu walicheka, nasi tukacheka. Tukamweleza kwamba wengine husema kionjo. Hapo hakucheka tena, bali aliuliza, “Kimetoka chungu gani?”

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Mzee yule aliendelea kutueleza kwamba hata pamba huonjwa, ila huonjwa kwa macho na kwa vidole. Mnunuzi huchukua konzi moja juu ya mzigo, akaitazama, akaivuta, akaamua kama ni safi au ni fifi. Mkulima mwaminifu mzigo wake ni mmoja toka juu hata chini. Asiye mwaminifu huweka safi juu na fifi chini, au huongeza maji na mchanga ili uzito upande. “Huyo,” alisema, “hajaonjesha. Huyo ameficha.” Hatukupata katika vitabu vyetu vyote maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya tangazo la haki na tangazo la hila.

Tuyachambue basi maneno yenyewe. Trela ni neno lililokwisha kuingia katika Kiswahili kwa maana ya gari lisilo na injini linalovutwa na jingine. Katika lugha ya sinema lilianzia Marekani katika miaka ya 1910, wakati ambapo vipande vya kutangaza filamu ijayo viliwekwa mwishoni mwa maonyesho, vikifuata nyuma ya filamu kubwa kama vile trela lifuatavyo trekta. Siku hizi mambo yamegeuka. Kipande hicho hutangulia, tena hutangulia kwa miezi mingi. Kwa hiyo neno trela, likiletwa katika Kiswahili, linaleta picha mbili zinazopotosha: kwanza, picha ya kitu kinachofuata nyuma hali kinatangulia; na pili, picha ya kitu kinachojitegemea kwa mzigo wake, kinachoweza kufunguliwa kutoka kwenye trekta moja na kufungwa kwenye jingine. Picha hii ya pili ndiyo tunayoiogopa zaidi, maana inatufundisha kwamba tangazo la filamu ni chombo kinachoweza kubeba chochote.

Kionjo, kinyume chake, ni jina linalotokana na kitenzi onja kwa kanuni iliyo wazi ya kuunda majina katika lugha yetu. Nalo linabeba sharti ndani yake. Huwezi kuonja kisichokuwa chunguni. Mpishi akikuonjesha mchuzi wa nyama kisha akakupakulia majani matupu, hukosi neno la kumwambia. Ndiyo maana tunasema kwamba tofauti ya maneno haya mawili inagusa haki ya mtazamaji. Trela halimdai mtu kitu. Kionjo kinamdai mpishi uaminifu.

Kuna tofauti nyingine isiyopaswa kupuuzwa. Vipo vipande vifupi zaidi, vya nusu dakika hivi, ambavyo havionyeshi sehemu ya kisa bali hutaja jina, siku na dalili mbili tatu za kuamsha hamu. Hivyo si vionjo, kwa kuwa hakuna kilichoonjwa. Kwa hivyo tunapendekeza kidokezo, kutokana na dokeza. Anayedokeza hutoa ishara tu, na hatutamdai zaidi ya ishara.

Sasa tuupime mzani huu kwa mifano iliyo maarufu. Mfano wa kwanza ni filamu ya Tanzania: The Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan alimwongoza mwandishi wa habari wa Marekani, Peter Greenberg, kutembelea vivutio vya nchi yetu, vikiwamo Zanzibar, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti. Upigaji wa picha ulianza mwishoni mwa Agosti 2021, na filamu ilitolewa mwaka 2022. Hatuna shaka juu ya nia yake, nayo ilitangazwa waziwazi: kuvuta watalii na wawekezaji. Shaka yetu ni ya kiistilahi, na ina sehemu tatu.

Kwanza, jina. Filamu hiyo ni mojawapo ya mfululizo wa Greenberg ulioanza mwaka 2002 nchini Jordan, ambako mwongozaji wa ziara alikuwa ni Mfalme Abdullah wa Pili. Huko neno la kifalme lilikuwa na mahali pake. Mfululizo ulipofika Rwanda mwaka 2018, na hatimaye Tanzania, nchi ambazo ni jamhuri, jina lilibaki kuwa alama ya bidhaa tu. Magazeti na redio zetu zililipokea lilivyo, wakasema “filamu ya Royal Tour”, na wengi walilitamka bila ya kujua kwamba linazungumzia ufalme. Jambo la kushangaza ni kwamba tarehe 8 Septemba 2021, Kisesa, wilayani Magu, si mbali sana na Simiyu, machifu walimsimika Rais huyohuyo na kumpa jina la Hangaya, ambalo kwa Kisukuma ni nyota inayong’aa. Kwa hiyo wenye lugha walikuwa na jina lenye maana, tena la heshima, wakati matangazo yalikuwa yakitumia jina lililokodiwa. Hatusemi kwamba filamu ingeitwa Hangaya. Tunasema kwamba uwezo wa kuita ulikuwapo, wala haukuombwa.

Pili, neno uzinduzi. Filamu ilionyeshwa New York tarehe 18 Aprili 2022, kisha Los Angeles, kisha Arusha tarehe 28 Aprili, na mwezi wa Mei ikaonyeshwa Zanzibar na Dar es Salaam. Kila mahali tuliambiwa kuwa ni uzinduzi. Kitu huzinduliwa mara moja. Kilichozinduliwa New York hakiwezi kuzinduliwa tena Arusha, isipokuwa kama kilirudi kulala njiani. Lugha ya kunadi ilitaka kila mji ujione wa kwanza, na neno la watu likachakaa kwa ajili hiyo. Onyesho la kwanza ni la kwanza. Yanayofuata ni maonyesho ya Arusha, ya Zanzibar, ya Dar es Salaam, na heshima yao haipungui kwa kuitwa hivyo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, aina ya filamu yenyewe. Magazeti yaliiita filamu ya makala, filamu ya kumbukumbu, na hata filamu ya hali halisi. Lakini filamu iliyotengenezwa ili kuvuta wageni ni kionjo cha nchi nzima. Kile kipande kifupi kilichotangulia kuitangaza kilikuwa basi kionjo cha kionjo. Si kosa nchi kujinadi. Hata muuza maembe huweka mazuri mbele. Kosa ni kukosa jina la kutofautisha kazi hiyo na kazi ya yule aliyekwenda kuchunguza na kurudi na alichokikuta, kitamu na kichungu. Kwa hiyo tunapendekeza filamu nadi kwa kazi ya aina ya kwanza, na filamu ya hali halisi ibaki kwa aina ya pili. Mtazamaji akijua anaonjeshwa na muuzaji, ataonja kama mnunuzi aonjavyo.

Mfano wa pili unatupeleka nyuma zaidi, mpakani hasa mwa Simiyu. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek wa Frankfurt alitoa filamu ya Kijerumani ambayo jina lake, tukilifasiri, ni Serengeti Isife. Mwanawe Michael, aliyeshirikiana naye, alifariki katika ajali ya ndege tarehe 10 Januari mwaka huohuo. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Tovuti hazikuwako wakati huo, lakini ufundi wa kunadi ulikuwako: ndege yao ilipakwa milia ya punda milia, na picha ya ndege hiyo ikawa alama iliyotambulika ulimwenguni. Jina lenyewe ni tangazo, maana ni amri. Lakini tulitazame vizuri. Jina linataja nchi, linataja kifo, wala halimtaji mtu. Na Grzimek alishikilia kwamba binadamu, hata mwenyeji, asiishi ndani ya mipaka ya hifadhi. Mwaka huohuo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Hatudai kwamba jina la filamu liliwahamisha watu. Tunadai kwamba jina fupi lililonadiwa kwa ustadi liliwazoesha watu wa mbali kuiona nyika hiyo kuwa haina wenyewe.

Mazoea hayo hayajaisha. Mwaka 2019 mfululizo mwingine, unaoitwa Serengeti, ulioongozwa na John Downer, ulionyeshwa na BBC. Humo wanyama wamepewa majina: simba jike anaitwa Kali, nyani anaitwa Bakari. Watengenezaji wenyewe hawakuficha kwamba visa vimepangwa kwa namna ya tamthilia, na kwa hilo tunawasifu, kwani wameonjesha kilichomo. Lakini afisa istilahi hawezi kukosa kuona kwamba Kiswahili kimeitwa kwenye kazi hiyo ili kumpa nyani jina. Lugha inayoweza kumwita nyani Bakari inaweza pia kutumika kumweleza Bakari wa Meatu, katika tovuti ya filamu, kwamba ni nini kimepigwa picha karibu na shamba lake.

Mtu anaweza kusema kwamba tunatia chumvi, na kwamba tangazo ni tangazo tu. Tumjibu kwa mfano wa tatu, kutoka nje. Mwaka 1999 vijana wa Marekani walitoa filamu ya kutisha iitwayo The Blair Witch Project. Ilikuwa kisa cha kubuni, lakini tovuti yake ilikieleza kama tukio la kweli, pamoja na habari za wanafunzi waliopotea msituni. Watu wengi waliamini. Filamu iliyopigwa kwa fedha kidogo sana iliingiza karibu dola milioni 250 duniani. Hapa tovuti ilifanya jambo ambalo filamu peke yake isingeliweza: iliigeuza hadithi kuwa hali halisi. Ikiwa tovuti yaweza kufanya hivyo, basi yaweza pia kufanya kinyume chake, yaani kuwageuza watu wa kweli kuwa hadithi. Hatari hiyo ya pili ndiyo inayotuhusu sisi.

Wasukuma wana kipimo chao cha matangazo, na hatuna budi kukitaja. Baada ya mavuno, makundi ya ngoma ya Bagalu na Bagika hushindana kwa kucheza wakati mmoja, katika viwanja vilivyo karibu. Hakuna jopo la waamuzi linaloshinda kelele za watu. Watazamaji hukimbia upande huu na upande ule, na kundi lililowavuta wengi ndilo mshindi. Manju hutumia kila hila kuwavuta, lakini hila yake na ngoma yake ni kitu kimoja, na anayechoshwa huondoka papo hapo. Filamu haina kiwanja cha namna hiyo. Kionjo hutazamwa leo, filamu hutazamwa baada ya miezi sita, tena mahali pengine, na mara nyingi watu waliopigwa picha hawapo. Kwa kuwa mtazamaji hawezi kukimbilia uwanja wa pili, lazima lugha ya tangazo imlinde.

Wala si kweli kwamba kutangaza filamu kwa lugha ya wasikilizaji ni jambo lisilowezekana vijijini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi wa sinema za elimu uliokuwa na makao Vugiri, Korogwe, ulizungusha filamu kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini, ukichukua na sauti katika lugha mbalimbali za Kiafrika. Ulikuwa ni mradi wa kikoloni na mafunzo yake yalikuwa ya kikoloni. Lakini hata mkoloni alitambua kwamba picha isiyo na maneno ya watu haifiki. Leo katika vibanda umiza wapo wafasiri wanaosema juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, na jina la Lufufu limekuwa maarufu miongoni mwao. Watu wa Bariadi hawaogopi filamu za kigeni. Wanachotaka ni kusemeshwa.

Tugeukie tovuti. Neno hili limekwisha kushika nchini, ingawa baadhi ya waandishi hupendelea wavuti. Sisi tunashauri tovuti ibaki kwa maana ya mahali pamoja penye anwani yake, na mtandao kwa maana ya mfumo mzima unaounganisha mahali hapo na pengine. Mtu akisema “nimeiona filamu mtandaoni” amesema kama asemaye “nimeiona sokoni”. Akisema “katika tovuti ya filamu” ametaja duka. Tofauti hii ina faida, kwa sababu duka lina mwenyewe na mwenyewe anaweza kuulizwa. Tuongeze jambo moja la matumizi. Kionjo chenye picha hula bando, na mkulima anayenunua bando kidogo kidogo hukitazama mara moja au hakitazami kabisa. Ukurasa wa maandishi hauli karibu kitu. Kwa hiyo aya mbili za Kiswahili katika tovuti ndizo njia rahisi kuliko zote ya kumfikia mtu wa Simiyu, nazo ndizo mara nyingi hazipo. Isitoshe, anwani ya tovuti hulipiwa kila mwaka, na malipo yakikoma tovuti hutoweka pamoja na ushahidi wa kilichoahidiwa.

Limebaki neno la tendo lenyewe. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyodhani. Kutangaza ni kutoa habari. Kunadi ni kuita wanunuzi, kama ifanywavyo katika minada ya ng’ombe. Kupigia debe ni kumshangilia mmoja dhidi ya wengine. Waandishi wetu huyachanganya yote matatu. Tunapendekeza kutangaza filamu litumike kwa kutaja jina, siku na mahali. Kunadi filamu kwa kazi ya vionjo, mabango na tovuti. Na kupigia debe liachwe kwa ushabiki, ambao una mahali pake, lakini si katika habari.

Tunakiri kwamba nasi tuna lawama. Ofisini tulikuwa tumejadiliana juu ya trela na kionjo kwa hoja za mofolojia na matamshi, na tungeweza kufikia uamuzi bila ya kuuliza hata mara moja ni nani atakayepata hasara neno likiwa baya. Mzee wa Bariadi alituuliza habari za chungu, na hoja zetu zote zikaonekana kuwa zilikuwa za nusu. Istilahi nzuri haitoshi kuwa fupi na kutamkika. Yapaswa imwezeshe mtu kuuliza swali ambalo hapo kwanza hakuwa na neno la kuliulizia.

Kwa muhtasari, tunawasilisha kwa wasomaji mapendekezo haya: filamu ya hali halisi kwa kazi ya uchunguzi wa mambo kama yalivyo, filamu nadi kwa kazi iliyotengenezwa ili kuuza mahali, bidhaa au sera, kionjo kwa kipande kilichotoka ndani ya filamu yenyewe, kidokezo kwa ishara fupi isiyoonjesha, onyesho la kwanza kwa lile la kwanza tu, na tovuti kwa anwani yenye mwenyewe. Wenye maoni, hasa walioko mikoani wanakopigwa picha filamu hizi, watuletee. Tutafurahi zaidi kama hayo maoni yatatoka kwa watu ambao nyuso zao zimo katika vionjo, maana hao ndio wanaojua kama juu na chini ya mzigo ni pamba ileile.